Kanisa la kale Wales kuligeuza nyumba: anza na vibali na paa

Dada, kwa hilo kanisa dogo la mawe uliloliona mnadani huko Wales, bei isikudanganye, kwanza angalia kama limo kwenye orodha ya majengo ya kihistoria maana kama ni Grade II, yaani moja ya madaraja ya orodha hiyo, hata dirisha hubadilishi hivi hivi bila kibali, ni kosa la jinai kabisa. Uliza pia kama kuna makaburi uwanjani, ndugu wa marehemu mara nyingi wana haki ya kuingia kuyatembelea, na popo nao wanalindwa na sheria, wakiwemo darini kazi ya paa inasubiri.

Hela ya mwanzo yote iende kwenye paa na mifereji. Na tafadhali sana usikubali fundi apige simenti kwenye zile kuta, zilijengwa kwa chokaa ili unyevu utoke, ukiziba maji yanabaki ndani, rangi inabanduka, plasta inavimba mpaka ukigonga kwa kidole unasikia iko tupu. Chokaa tu, kama nyumba za Lamu na Unguja.

Joto ndo litakula bajeti. Dari refu lile usihangaike kupasha ukumbi mzima, jenga vyumba vidogo humo ndani kwa mbao, weka insulesheni ya kuzuia joto lisitoke, muishi humo kwanza ukumbi mtaumalizia taratibu. Na VAT, kugeuza jengo lisilo la makazi kuwa nyumba mara nyingi kazi inatozwa 5% badala ya 20%, mwambie kontrakta kabla hajaandika invoisi.