Mwanangu, kuhusu zile bei mbili

Bukavu, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne, mara ya mwisho nikiwa peke yangu dukani Kadutu, milango nimeshafunga. Unauliza hivi: kwa ule upasuaji wako wa kuubadili mwili uwe wa kike, kliniki ya kwanza ya Bangkok inataka euro 5,800 pamoja na kitanda cha siku saba, ya pili hukohuko inataka euro 13,500, na Ghent, huko Ubelgiji unakoishi, bima yako itabeba sehemu kubwa ila foleni ni ndefu. Je, tuuze kiwanja cha Bagira uende kwenye ile ya ghali, au uende kwenye ya nafuu kiwanja kibaki?

Kiwanja si jambo gumu. Baba yenu alikinunua kwa ajili yenu, na wewe ni mmoja wenu. Wadogo zako nimeshawaambia, na hakuna aliyenijibu vibaya. Kilichonishtua ni pale uliposema, "Mama, wewe ndiye mjuzi wa bei, niambie."

Ni kweli bei nazijua. Kitenge nikikishika, kabla ya kutazama chapa nakigeuza nyuma. Rangi ikiwa imepenya sawasawa pande zote mbili, hicho ni wax. Nyuma kukiwa kweupe, hicho kimepigwa rangi upande mmoja, kitapauka mapema. Na kushusha bei ndiyo kazi iliyowalisha ninyi wanne mpaka mkamaliza masomo. Lakini akili hiyohiyo ya sokoni ndiyo iliyoniponza kwa mama yako mkubwa, na sehemu hiyo sijawahi kumsimulia mtu.

Ugonjwa wake unaujua. Usichokijua ni bei.

Ilikuwa 2005, Kamituga. Siku tatu za uchungu, mtoto akafia tumboni, na kichwa chake kilikuwa kimekandamiza kibofu kwenye mfupa muda wote huo mpaka nyama ikafa na kuacha tundu. Tangu hapo mkojo ukawa unatoka wenyewe, usiku na mchana. Nilipofika nilimkuta anaamka kabla ya jogoo kwenda mtoni kufua vitambaa, ili watu wasimkute. Mimi nilikuwa na pesa nimezifunga kwenye ncha ya kitenge. Palikuwa na mtu pale ambaye wote walimwita daktari, akasema anashona, dola 120.

Sikiliza sasa. Nilikuwa natoka Bukavu. Panzi naijua, hospitali ambayo Daktari Mukwege aliianzisha 1999, na tayari wakati huo wanawake wenye fistula, yaani tundu kama hilo, walikuwa wanaletwa pale kutoka kila upande wa Kivu. Lakini niliketi nikapiga hesabu: gari kutoka Kamituga, barabara ya Mwenga yenye watu wenye silaha, wiki kadhaa za kulala na kula, duka limefungwa. Nikaona hapahapa ni nafuu. Tena nikafanya kile ninachokijua: nikavuta, nikasusa, nikasimama kama ninaondoka. Akashuka mpaka 80. Nilitoka pale nikijisifu, mwanangu. Nilimwambia dada yangu, "Nimekuokolea dola arobaini."

Siku ya tisa mkeka ulilowa. Hakuniamsha. Asubuhi nilimkuta ameukunja, ameuegemeza ukutani, naye amekaa kwenye udongo mtupu akinitazama. Yule mtu akashona tena, mara hii bila malipo, akisema atakaza zaidi. Haikufika hata wiki.

Ndipo tukapanda gari tukaja Panzi. Barabara niliyoiogopa ilituchukua siku mbili na hatukuguswa. Muuguzi mmoja alimpima, akaniita pembeni, akasema kwa upole kabisa, "Mama, mngekuja hapa kwanza." Akanieleza kwamba nyama iliyoshonwa ikachanika huwa kovu, ngumu kama ngozi ya kiatu cha zamani, na daktari anayefuata anatafuta mahali penye uhai pa kupitisha uzi na hapaoni. Walimpasua mara mbili. Kila mara sonda, ule mrija wa kutoa mkojo, wiki mbili, nami chini ya kitanda nikichunga mfuko wa mkojo, kwa sababu waliniambia mrija ukiziba, kibofu kinajaa na mshono unafumuka. Nilikuwa natia alama kwa biki kwenye plasta kila saa. Nikiona mkojo haujapita alama, nakimbia kumwita muuguzi.

Na kwa upasuaji ule hawakututoza hata senti. Bure! Pale pazuri kuliko pote palikuwa bure, na mimi nililipa dola 80 kumharibia dada yangu.

Tundu liliziba. Lakini unakumbuka kwenye harusi ya mdogo wako, watu walipoanza kucheka, jinsi alivyoinuka akatoka nje? Ninyi watoto mmekua mkidhani hapendi kelele. Akicheka sana au akikohoa, mkojo unamponyoka. Miaka yote hii anachunga kicheko chake.

Ndiyo maana wimbo wangu mnaujua, mara ya kwanza haipatikani mara mbili. Mlidhani nasema juu ya mitihani.

Sasa nakuja kwako. Ulinieleza usiku ule kwenye simu, ukiona aibu nami nikiona aibu, lakini tulimaliza. Ulisema aliyefungua njia ya upasuaji huu ni daktari Mfaransa, Georges Burou, aliyekuwa na kliniki Casablanca, na kwamba alianza 1956, na watu wa Ulaya na Marekani wakawa wanapanda ndege kuja Moroko. Hilo lilinifurahisha, sikufichi: Wazungu kuja Afrika kutafuta mkono. Basi mbali si kosa. Hata Panzi watu wanatoka mbali. Lakini ulinieleza pia namna kazi yenyewe inavyofanyika, kwamba ngozi ileile uliyozaliwa nayo inageuzwa kuingia ndani iwe njia ya kike. Nikakuuliza, na ikiharibika? Ukanyamaza kidogo, ukasema basi daktari wa pili atachukua ngozi mahali pengine, au hata kipande cha utumbo. Ukasema pia kwamba mara chache panaweza kutokea tundu kati ya njia mpya na utumbo. Fistula, mwanangu. Neno lilelile. Nilikata simu nikasingizia umeme.

Usidhani basi nakuambia uende kwenye ya ghali. Nimewaza hivyo siku mbili, nikajipinga mwenyewe. Dola 80 kwetu hazikuwa pesa ndogo, na Panzi walitibu bure. Bei haikuniambia kitu chochote juu ya mkono. Nimeona vyumba vyenye vigae vinavyong'aa na viyoyozi, na daktari anapita mara moja kwa wiki. Hiyo 13,500 huenda inalipia hoteli na dereva wa uwanja wa ndege. Na ile 5,800 huenda ni ya mtu mwenye mkono mzuri asiye na kodi kubwa. Mimi sijui kukigeuza hicho kitambaa nione nyuma yake. Wewe unaweza, kwa kuuliza. Muulize kila mmoja: upasuaji huu hasa, yeye mwenyewe, amefanya mara ngapi, na mwaka jana mara ngapi? Wangapi walirudi kufanyiwa upya? Aliyerudi alilipa nani? Akijibu kwa picha nzuri tu, hujajibiwa. Muuguzi wa Panzi nilipomuuliza dada yangu atapona kwa kiasi gani, alinipa jibu ambalo sikulipenda, na hapo ndipo nilipomwamini.

Halafu hesabu. Mimi Kamituga nilihesabu vibaya, nilihesabu barabara nikasahau mkeka. Kitanda ni siku saba. Siku ya nane je? Umeniambia kuna ile kazi ya vipanulio, vile vya kuingizwa ndani kuipanua njia mpya, mara kadhaa kila siku kwa miezi, halafu kwa kupungua lakini maisha yote, la sivyo njia inajifunga. Hiyo utaifanya Liège, chumbani kwako, si Bangkok. Ukivuja damu wiki ya nne utagonga mlango wa nani? Daktari wa Liège ambaye hakukushona atakubali kukugusa? Mwulize sasa, kabla hujalipa, na kama ana jina la daktari wa Ghent wa kumpigia, liandike. Ongeza ndege ya pili kama itabidi urudi. Ongeza miezi bila mshahara, maana kazi yako ni ya kusimama. Ongeza pia ile safari ndefu ya kukaa miguu ikining'inia wakati kidonda ni kibichi, kwa sababu damu inaweza kuganda miguuni. Waulize ni wiki ngapi kabla ya kupanda ndege, na hizo wiki nazo zina kodi. Ukishajumlisha yote, niandikie bei mbili upya. Nadhani hazitabaki mbali hivyo.

Kwa hiyo Ghent, utasema. Mama anataka nisubiri Ghent. Bima inabeba, daktari yuko mwendo wa treni. Hata hati si sababu ya haraka, kwani sheria ya Ubelgiji tangu Januari 2018 haidai kisu ili kubadilisha jinsia kwenye karatasi, na zako ulishabadilisha, nakala ninayo hapa sandukuni pamoja na cheti chako cha ubatizo.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nakumbuka balbu.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Kila mara bafuni giza, kila mara unaniambia balbu imeungua. Nilinunua tatu mwezi mmoja. Siku moja nikapanda kigoda kuibadilisha, nikaigusa, ikawaka mkononi mwangu. Haikuwa imeungua, ilikuwa imelegezwa. Ulikuwa unailegeza ili uoge bila kujiona. Nilishuka nikaikaza, nikakugombeza kwa kupoteza pesa za balbu. Neno lingine sikusema. Baba yenu naye alijua kitu fulani, akafa nacho. Kwa Kiswahili haikuwa taabu kwangu, mwana ni mwana, lugha haikuniuliza swali. Kwa Kifaransa, chenye neno la mume na neno la mke, ndiko nilikokuwa najikwaa, na ulinivumilia miaka miwili nikikosea.

Kwa hiyo sina haki ya kukuambia subiri, kwa sababu umeshasubiri gizani, na kusubiri nako kunalipiwa. Dada yangu alingoja miezi sita kabla sijafika Kamituga, na huenda ndiyo sababu nilikimbilia wa karibu, sikutaka aamke kabla ya jogoo hata siku moja zaidi. Haraka yangu ilikuwa ya upendo, na ilimharibu vilevile. Nakwambia hivi halafu nasikia nafsi yangu inajibu: je, kama tungekuwa tumechelewa zaidi akajitupa mtoni? Hilo nalo liliwezekana. Sijui nikuwekee lipi juu ya lipi.

Nina jibu langu mdomoni, mwanangu, na nalizuia kwa nguvu. Ukinibana sana nitalisema, kwa hiyo usinibane. Mwili si duka langu, na mara ya mwisho nilipochagulia mwili wa mtu mwingine umeshasikia. Nitakalosema ni hili tu: yule atakayesita ukimuuliza wangapi walirudi, huyo usimpe hata euro moja, hata akushushie mpaka elfu tatu. Hasa akikushushia. Nami usinitume nikaongee naye.

Kiwanja: kuna mnunuzi wa Ibanda, anataka kukiona Jumamosi. Pesa zikiwa mkononi zitakusukuma, nazijua pesa. Kwa hiyo nitamwonyesha, nitasikia bei yake, na sitasaini mpaka uniletee majibu ya yale maswali. Ukiniletea, na ukasema Bangkok, nasaini siku hiyohiyo. Ukisema Ghent, kitakaa, kitakulipia miezi ya kutofanya kazi. Usiogope wadogo zako.

Mama yako mkubwa nilimwambia, kama ulivyoruhusu wakati wa Pasaka. Nilidhani atauliza kwa nini, au kanisa litasema nini. Alikuwa anachambua sombe, hakuinua kichwa. Alikaa kimya mpaka jani la mwisho, akafuta mikono, akaniambia nikuulizie jambo moja tu, nami naliandika kama alivyolisema: usiku, nani atakuwa anachunga mfuko wa mkojo?

Mama yako