Tahadhari ikikukuta ng'ambo ya Rufiji, geuza gari siku hiyo hiyo

Mkuu, usithubutu kukaa Kilwa "kusubiri hali itulie". Umeandika una wageni 14 na kosta, mwishoni mwa Aprili, unauliza hoteli ya Kilwa Masoko, boti ya kisiwa cha Songo Mnara, na kama barabara ikikatika mkae hapo hapo siku moja mbili. Hilo la mwisho limeninyima usingizi.

Mei 2024 nilikuwa Masoko na wageni 12, wengi wastaafu. Ndege yao ya kurudi kwao ilikuwa Jumanne usiku kutoka Dar. Tulifika Alhamisi tarehe 2, na TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, walikuwa wameshaanza kutangaza Kimbunga Hidaya. Ijumaa asubuhi dereva wangu, mtu wa Kibiti, akanivuta pembeni: "Kaka, tunywe chai tuondoke. Ardhi imeshashiba. Maji yakija mara moja tu, tuta la barabara halikai." Alijua anachosema, maana Rufiji ilikuwa imefurika tangu Aprili. Gari lina mafuta, wageni wanakula mayai, barabara iko wazi mpaka Dar!

Nikampigia wakala aliyenipa kundi. Akanijibu kutoka ofisini kwake Dar: "Hata Kimbunga Kenneth 2019 tuliambiwa Mtwara itang'oka, kikaishia Msumbiji. Vimbunga haviji Tanzania. Ukiwarudisha hawajaona Msikiti Mkuu watadai hela yao." Vimbunga haviji! Lindi ilipigwa na kimbunga 1952. Mtu hajawahi kulala ng'ambo ya mto masika, halafu anakuamulia safari kwa simu. Nilipomwomba baadaye achangie hasara, simu ikawa haipokelewi. Mpaka leo nikikumbuka sauti yake naingiwa na hasira.

Nikamsikiliza yeye, nikamwacha dereva. Ijumaa tukavuka kwenda Kilwa Kisiwani, tukaona magofu ya Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa. Jumamosi upepo, mabati yanalia usiku kucha. Jumapili tukatoka mpaka Nangurukuru, tukashika njia ya Dar, na Somanga tukakuta foleni ya malori na mabasi. Mbele ya foleni hakuna barabara. Maji yamebeba tuta, kipande cha lami kinaning'inia hewani.

Kilwa kwenda Dar kwa gari njia ni moja. Ukitaka kuzunguka ni Lindi, Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Iringa, Morogoro, zaidi ya kilomita elfu moja, tena na watu wa miaka 70. Nikaagiza kosta nyingine ije kutoka Dar, isimame upande wa pili tufaulishe wageni, nikatuma na malipo. Ilipofika, maji bado yanapita kwa nguvu na vijana wanavusha watu mgongoni. Mama mmoja wa kundi langu alikuwa na goti la bandia. Nikakataa kumvusha, na kwa hilo sijuti hata chembe. Kosta ikarudi tupu. Jumanne ndege ikaruka bila wageni wangu. Tulivuka makandarasi walipojaza mawe na kifusi.

Tiketi mpya 12, siku za ziada za hoteli, kosta mbili. Niliuza kiwanja cha Chanika nilichokuwa nimekilipia kidogo kidogo miaka minne. Wazee wale walijifunza bao pale hotelini wakaanza kutufunga mimi na dereva, na kabla hujaniambia angalau walifurahi: bao lilikuwa bure, wali samaki haukuwa bure.

Kwa hiyo shika hili. TMA wakitoa tahadhari ya mvua kubwa au upepo mkali kwa Pwani, Lindi au Mtwara, na wewe uko kusini ya Daraja la Mkapa, lile la Mto Rufiji, unageuza siku hiyo hiyo. Usiseme kesho tukishaona magofu. Wana ngazi tatu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Ya pili inatosha, usingoje ya tatu. Kama bado uko Dar, usivuke kabisa. Daraja lenyewe, mita 970, liko pale tangu 2003 na ukilipita unaona safari imeshaisha. Yanayokukatia njia ni makalavati na vijidaraja ambavyo wakati wa kwenda hata hukuviona.

Liandike kwenye mkataba kabla hawajalipa: tahadhari ikitoka tunarudi, siku zilizobaki tunawapeleka Bagamoyo waone magofu ya Kaole, na siku za ziada za hoteli analipa fulani. Mtaje huyo fulani, maana mimi sikumtaja. Siku mbili za mwisho mlale Dar, usipange kutoka Kilwa ukaunge moja kwa moja uwanja wa ndege. Na dereva wako akisema turudi, usimpigie simu mtu aliyekaa Dar.

Ndege yao ni tarehe ngapi? Iandike hapa kabla hujalipia chochote.