Mpiga drams wa mitindo mingi

SWALI: Napiga rumba na kwaya hapa Tabora. Tukiingia rege au jazi, wenzangu husema bado nasikika rumba. Nakosea wapi? – Msomaji, Ng'ambo, Tabora.

JIBU: Tatizo kubwa haliko mikononi, angalia mguu. Kwenye rege ya "wan dropu", aliyoivumisha Carlton Barrett wa The Wailers, bendi ya Bob Marley, pigo la kwanza kati ya manne huachwa tupu. Ngoma ya mguu na sinea (ngoma ndogo yenye sauti kali) hulia pamoja kwenye pigo la tatu. Mguu uliozoea rumba hukimbilia la kwanza, na rege inakufa papo hapo. Weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye mapigo 70 kwa dakika, hesabu kwa sauti hadi nne, piga la tatu tu kwa dakika 10. Haiheti (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) iongezwe baadaye.

Jazi ya swingi ni habari nyingine: toazi kubwa la kulia ndilo linaloongoza. Haiheti ifungwe kwa mguu kwenye la pili na la nne, ngoma ya mguu iguswe taratibu mno, isikike kama pumzi. Ukiikanyaga kwa nguvu ya sebene (ile sehemu ya kasi ya rumba) unamfunika mpiga besi.

Tena, sebene yenyewe huwa inakuponyoka mbio? Mara nyingi ni kifundo cha mkono kilichokaza. Legeza vidole, fimbo irudi yenyewe.

Msikilize pia Tony Allen, mpiga drams wa Nigeria: mikono na miguu, viungo vinne, kila kimoja na kauli yake, lakini hakuna kinachopiga kelele.