Mradi umekwisha, mtoto wangu sasa ni wa nani?

*Assalaam alaykum Bibi. Ninaishi Wete, Pemba, na ninalea mtoto wa kiume wa miaka minane ambaye sikumzaa. Aliletwa kwangu na ofisi ya ustawi, ila aliyekuwa akija kututazama, akileta sare na madaftari ya skuli na kumpeleka hospitali Chake, ni dada mmoja wa shirika. Sasa shirika linasema mradi wao umekwisha na sisi tunarudi serikalini. Mdogo wangu yuko Omaha, Marekani, naye kaniambia kwao serikali iliwapa makampuni kazi hii ya watoto wa kulelewa, kisha ikaichukua tena. Kipi bora, serikali au shirika? Na wanaweza kuja kumchukua kwa kuwa mradi umekwisha? Mlezi, Wete.*

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalokunyima usingizi. Mradi ukifungwa kinachofungwa ni bajeti. Mtoto hakuletwa kwako na mradi. Zanzibar tuna Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya mwaka 2011, na mwenye dhamana ya mtoto asiye na wa kumlea ni serikali, hata siku ambazo kazi ya kukutembelea ilifanywa na mtu mwenye fulana ya shirika. Akija mtu kutaka kumwondoa, muulize sababu inayomhusu mtoto mwenyewe, umuulize na karatasi. Kwisha kwa fedha za mfadhili si sababu.

Mdogo wako kasema kweli. Omaha iko katika jimbo la Nebraska, na mwaka 2009 serikali ya jimbo hilo iliingia mikataba na taasisi binafsi tano ili ziwasimamie watoto wanaolelewa kwenye familia. Haikufika mbali. Kufikia 2012 nne zilikuwa zimetoka, nyingine zikilalamika kwamba fedha walizopewa hazitoshi, na sehemu kubwa ya jimbo ikarudi mikononi mwa serikali. Ilibaki taasisi moja, upande huo huo wa Omaha. Mwaka 2019 kazi yake akapewa mwengine kutoka jimbo la jirani, Kansas, aliyeomba fedha kidogo zaidi kwa mbali. Mwisho wa 2021 mkataba huo nao ukavunjwa, na mwaka uliofuata watoto wakarudi serikalini. Hesabu mwenyewe mtoto aliyeingia akiwa mdogo kama wako kabadilishiwa wasimamizi mara ngapi bila ya yeye kukosa lolote.

Hiyo Kansas ndiyo iliyotangulia. Ilianza kukabidhi kazi hii kwa taasisi binafsi mwaka 1996 na 1997, jimbo zima. Mwanzoni walilipwa kiwango kimoja kwa kila mtoto, akae mwezi mmoja au miaka mitatu. Wakubwa walidhani hilo litawafanya wasimamizi waharakishe kumrudisha mtoto kwao au kumtafutia nyumba ya kudumu. Lakini wapo watoto ambao mambo yao hayaharakishiki. Mtoto aliyepigwa, mtoto mgonjwa, mtoto ambaye mama yake bado yuko katika matibabu ya ulevi, hawa wanataka muda. Fedha zikawaishia wasimamizi, na mwaka 2000 serikali ikabadilisha ikawa inalipa kwa mwezi. Miaka ya karibuni huko huko kulitoka khabari za watoto kulala kwenye ofisi za wasimamizi kwa kukosa familia ya kuwapokea.

Sasa usije ukadhani nakuambia serikali ndiyo dawa. Nimefanya kazi ya ustawi maisha yangu yote ya utumishi, tangu enzi nyumba ya watoto iko Forodhani kabla haijahamia Mazizini, na najua afisa mmoja anavyoweza kupewa shehia nyingi na asiwe na hata mafuta ya pikipiki. Kama si mashirika, wako watoto wasingetembelewa kabisa. Huyo dada wako wa shirika nina hakika kafanya kazi njema, nawe usiache kumshukuru.

Swali ninalolipima mimi ni jengine: mtoto anabadilishiwa mtu mara ngapi? Milwaukee, mji mwengine wa Marekani ambako kazi hii ilikuwa kwa taasisi binafsi, walifuatilia watoto walioingia katika malezi kati ya 2003 na 2004. Waliokuwa na mfanyakazi mmoja tu toka mwanzo, asilimia 74.5 walipata makazi ya kudumu. Waliobadilishiwa mara moja wakawa na wafanyakazi wawili, asilimia 17.5. Nimezisoma namba hizo mara nyingi na bado zinanishtua. Si kwamba mfanyakazi wa pili alikuwa mbaya. Wa kwanza alijua mtoto anaogopa nini, shangazi gani anayepokea simu, mama yupi anaweza kurudishiwa mwanawe na yupi bado. Hayo hayamo kwenye faili.

Na faili lenyewe nalijua. Nikiwa Chake tulipokea maboksi kutoka shirika moja lililofunga kazi, kila faili limefungwa uzi. La mtoto mmoja wa kike ndani lilikuwa na picha yake na fomu mbili za matembezi, basi. Kadi ya kliniki haimo, cheti cha kuzaliwa hakimo, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba ana pumu. Mlezi wake ndiye aliyetuambia. Nilipofika nyumbani kwao mtoto aliniona mlangoni, akakimbilia nyuma ya tangi la maji. Bibi anayemlea akamwita, hakutoka. Nikaenda nikachuchumaa pale karibu na tangi. Akaniuliza, "Umekuja na gari?" Nikamwambia nimekuja na daladala. Akatoka. Kila alipohamishwa, alihamishwa na mgeni aliyekuja na gari.

Kwa hivyo, mwanangu, shughulika na makabidhiano kuliko kuchagua upande. Mwambie huyo dada, kabla hajaondoka, aje nyumbani kwako pamoja na afisa ustawi wa wilaya, siku moja, wakae mkekani na mtoto awaone wanazungumza. Sheha naye ajue. Mtoto aelezwe na yule anayemzoea, si na mgeni, kwamba msimamizi anabadilika na yeye haendi popote. Aambiwe hivyo hivyo, kwa maneno hayo, na aambiwe tena wiki inayofuata, kwa sababu mara ya kwanza hatoamini.

Karatasi usingojee uletewe. Omba nakala ya barua au amri iliyomleta kwako, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na ripoti za skuli, uziweke kwako kwenye mfuko wa plastiki. Nunua daftari uandike mwenyewe: kaumwa lini, kapewa dawa gani, nani kaja kumtazama. Wakibadilishwa wasimamizi mara nyengine, daftari lako litabaki. Na usikubali jibu la "ofisi itakupigia". Taka jina la afisa mmoja na namba yake. Likizuka la hatari kwa mtoto na afisa hapatikani, namba 116 hupigwa bure.

Mwambie na mdogo wako hili: watu wa Wales, nchi mojawapo ndani ya Uingereza, mwaka 2025 walipitisha sheria ya kuondoa faida ya kibiashara katika malezi ya watoto walio chini ya serikali. Uingereza wanajua kwa nini, maana mwaka 2022 mamlaka yao ya ushindani wa biashara ilikuta makampuni makubwa ya malezi ya familia yanapata faida ya karibu asilimia 19 ya mapato. Mashirika yetu hapa si ya faida, mengi yao. Ila mkataba ni mkataba, una tarehe ya kwisha, na utoto wa mtoto wako hautakwisha tarehe hiyo.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni kijana niliyeajiriwa na shirika hapa Pemba. Mfadhili wetu hataongeza mkataba, na nina watoto kumi na wanne ninaowatembelea majumbani. Bosi anasema tupeleke mafaili ofisi ya ustawi siku ya mwisho. Naona haitoshi. Nifanye nini? Msaidizi, Chake Chake.*

Marhaba. Haitoshi, na nakupenda kwa kuliona hilo.

Usingoje siku ya mwisho. Anza sasa kwenda na afisa wa ustawi kila nyumba, hata kama ni nyumba mbili kwa wiki. Kwa kila mtoto andika ukurasa mmoja kwa lugha ya kawaida, ule ambao fomu ya mfadhili haikuulizi: nani anayemtuliza, chakula gani hali, usiku analala taa ikiwaka au imezimwa, ndugu zake wako wapi na mara ya mwisho kawaona lini. Mpe mlezi nakala. Ofisi ikisema haina afisa wa kwenda nawe, mwandikie mkuu wake barua ya kuorodhesha watoto hao, igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala. Barua yenye muhuri hujibiwa upesi kuliko simu.

Na kama huna muda wa wote, watangulize wanaotumia dawa kila siku na wale ambao kesi zao bado ziko mahkamani.