Binti Yangu Hapewi Nafasi Mbioni: Je, Mwalimu Amezembea?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu anasoma darasa la tano hapa Tabata. Enzi zetu tulikimbia mchakamchaka alfajiri, na siku za mashindano tulipangwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Yeye amerudi na daftari lenye idadi ya mapigo ya moyo kabla na baada ya kuruka kamba, bila nafasi wala alama. Hilo ni somo la michezo kweli?

JIBU: Marahaba, ndugu mzazi. Ni somo kweli, ila lengo lake si lile ulilolizoea. Marekani, kwa mfano, katika miaka ya 1950 vipimo vya watafiti Kraus na Weber vilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa huko walishindwa mazoezi mepesi ambayo wengi wa wenzao wa Ulaya waliyamudu, ndipo Rais Eisenhower akaunda baraza la kulishughulikia suala hilo mwaka 1956. Mwaka 1966 ikafuata tuzo ya rais, ambayo mtoto aliipata kwa kufikia kiwango cha 15 bora katika kila 100, tena katika kila kipimo. Waliobaki, ambao ndio wengi, walijifunza kwamba mazoezi ni ya wenzao. Baadaye Fitnessgram, programu ya kupima siha ya wanafunzi iliyoanzishwa mwaka 1982 na Taasisi ya Cooper ya Dallas, ilikuja kueneza mtazamo wa kumlinganisha mtoto na kiwango kinachohitajika kwa afya yake, si na jirani yake wa dawati.

Daftari la binti yako linafuata njia hiyo. Tazama moyo wake unachukua dakika ngapi kutulia baada ya kamba. Zikipungua kadiri miezi inavyokwenda, ameendelea, hata kama darasani ni wa mwisho kwa mbio. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku kwa wenye miaka 5 hadi 17, muda ambao kipindi cha shule peke yake hakiutoshelezi, hivyo ni lazima mtoto apende kucheza hata akiwa nyumbani. (Sisi tulioadhibiwa kwa kurushwa kichurachura tunajua jinsi mapenzi hayo yanavyouawa.)

Wenye vipaji bado wana UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Nitamlaumu mwalimu iwapo tu watoto wanaandika kuliko wanavyoruka. Jioni mwombe binti akupime wewe: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, ahesabu kwa sekunde 15, kisha azidishe kwa 4.