Nani ana ruhusa ya kusema ameshiba?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mila zinatusaidia au zinatuzuia kula vyakula vya kujenga afya. Swali langu mimi ni hili: mezani, nani ana ruhusa ya kusema ameshiba?

Kwa muda mrefu nimeilaumu heshima. Baba alipokutwa na kisukari, nyumbani tulijirekebisha: mboga nusu sahani, wanga robo, soda tukaiacha. Kisha tukaenda kumsalimia shangazi. Akampakulia baba kama alivyozoea kumpakulia kaka yake mkubwa, sahani ikafurika. Baba akala taratibu, akabakisha. Shangazi akaongeza. "Kaka, umekonda. Ukiondoka hivi kwangu, watu watasemaje?" Baba akanitupia jicho, kisha akaisogeza sahani karibu. Maneno yalinijaa mdomoni, lakini shangazi hakosolewi na mtoto wa kaka yake mbele za watu. Baba akala akamaliza. Njia nzima hakusema neno, na usiku ule sukari yake ilipanda vibaya. Nilimkasirikia shangazi mno.

Mama ndiye aliyempigia simu akamweleza wazi. Shangazi hakubisha hata kidogo. Tulipokwenda tena tulikuta chumvi na mafuta vimepunguzwa, mboga tele, na sufuria moja kwa wote, wanawe wakiwemo. Hakutaka kaka yake atengewe chakula cha mgonjwa. Karatasi ya maelekezo tuliyopewa kliniki isingeweza kubadilisha jiko la nyumba ile. Upendo wa dada uliweza.

Naandika haya na hasira inanitoka. Wazee wa Okinawa, Japani, hufundishana kuacha kula tumbo likifikia asilimia 80. Ni busara, maana ishara ya shibe huchukua kama dakika 20 kufika kwenye ubongo. Mwongozo wa chakula wa Brazil wa mwaka 2014 nao unahimiza kula pamoja na wenzako. Mambo hayo hushika pale tu watu wanapojaliana.

Basi heshima inasaidia, ilimradi mwenyeji aambiwe ukweli kabla chakula hakijapikwa. Baba alikuwa na mtu wa kumsemea. Mkwe mgeni ukweni, au mtoto anayeshurutishwa kumaliza sahani, mara nyingi hana, na kwa hao bado naona heshima hiyohiyo inaumiza.