Kabla ya Kumshauri Mkulima wa Kahawa Abadili Kilimo Chake

Katika kazi yangu ya ugani, yaani ya kuwashauri wakulima mashambani, ni nadra kukutana na mkulima mdogo wa kahawa anayekana kwamba udongo wake umechoka. Kinachomzuia kubadili kilimo ili audumishe udongo huo ni hesabu ya kipato: mbuni, yaani mti wa kahawa, uliokatwa kisiki ili uchipue upya humnyima mavuno kwa msimu mmoja au zaidi, na mche mpya huchukua takribani miaka 3 hadi 4 kabla ya kuzaa vizuri, ilhali karo na chakula havisubiri. Kwa hiyo napendekeza tuanze na yale yasiyopunguza mavuno ya sasa, tena katika mistari michache ambayo mkulima mwenyewe atailinganisha na mingine.

Mimi huanza na matandazo. Mizizi mingi inayoulisha mbuni hukaa karibu na uso wa udongo, ndiyo maana jembe linalochimba chini huijeruhi na kiangazi huikausha; nyasi kavu zikitandazwa hupunguza magugu, huhifadhi unyevu na hatimaye huoza zikarutubisha udongo. Matandazo yasiguse shina, kwa kuwa unyevu huozesha gome. Maganda yanayobaki baada ya kumenya kahawa, yenye potasiamu nyingi, yaozeshwe pamoja na samadi yawe mboji badala ya kutupwa mtoni.

Hata hivyo, nyasi hizohizo ni malisho ya ng'ombe, na mara nyingi anayezikata na kuzibeba ni mama, ambaye huenda fedha za kahawa hazipiti mikononi mwake. Mafunzo yanayomwita baba peke yake hujaza daftari la mahudhurio, si shamba. Kaeni na wote wawili, mkadirie kazi itakayoongezeka na nani ataifanya, kabla ya kutaja faida yoyote.

Miti ya kivuli mkulima aichague mwenyewe, hasa inayompa pia mbao, malisho au matunda, na aipogoe, kwani kivuli kizito hupunguza maua ya mibuni.

Kuhusu mbolea ya dukani, sikubaliani na wanaomtaka mkulima aiache ghafla. Udongo uliozoea kulishwa hivyo huhitaji muda, na mavuno yakishuka mwaka wa kwanza, mkulima hatatusikiliza tena. Pimeni kwanza tindikali ya udongo, mrekebishe kwa chokaa panapohitajika, kisha apunguze mbolea hiyo kidogokidogo kadiri mboji inavyoongezeka, akianzia kwenye ile mistari ya majaribio.